Maharage ya Bibi Yaliyokwenda Ngara

Nilipokuwa mdogo nilijua Katumba moja tu, ile ya kwetu Rungwe, penye kiwanda cha chai, ambako magari ya kutoka Mbeya husimama na kina mama huyakimbilia wakiwa na maparachichi na ndizi mbivu kwenye mabeseni. Kwa hiyo kila Bibi aliposema, "Mama yako mdogo yuko Katumba, kazini," nilishindwa kuelewa kwa nini harudi jioni kula na sisi. Wachuma chai walirudi kila jioni. Niliwaona wakipita njiani hapo kwetu Lufingo, vikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Kwa nini yeye tu harudi? Siku nilipouliza, Bibi alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hiyo ni Katumba nyingine, mjukuu wangu. Iko Mpanda. Huko wanakaa watu waliokimbia kwao."

Ndivyo nilivyojua kwamba kuna Katumba mbili. Ya pili ilikuwa mbali sana, katika mkoa wa Rukwa wa wakati ule, kwenye pori la miombo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi huko, wengine Ulyankulu, na baadaye wengine Mishamo. Walifyeka, wakalima mihogo, mahindi na tumbaku, wakazaa watoto ambao hawakuwahi kuiona Burundi. Mama mdogo alikuwa muuguzi huko. Kila likizo alirudi na dumu dogo la asali nyeusi yenye harufu ya moshi, na maneno mapya ya Kirundi ambayo alinifundisha tukiwa tunamenya ndizi. Nikawa nasalimia kuku "amahoro".

Nataka uingie nami katika jiko lile, maana mengi ninayoyakumbuka yalitokea humo. Inama kidogo, mlango ni mfupi. Mafiga ni matatu, na chungu kikubwa cha maharage hakitoki hapo tangu asubuhi. Juu, kwenye dari ya mianzi, mahindi ya mbegu yamening'inizwa ili moshi uyafukuzie wadudu. Ukikaa kwenye kigoda cha upande wa kulia moshi utakufuata, na ukihamia kushoto utakufuata vilevile. Nje mvua inanyesha. Lufingo ya Aprili ni mvua ya asubuhi, mvua ya mchana na mvua ya usiku. Inapiga majani ya migomba kwanza, ndipo unaisikia juu ya bati. Mlima Rungwe huuoni, umejifunika ukungu tangu juzi. Bibi amekaa na kisu kidogo, anamenya ndizi mbichi za mbalaga, na vidole vyake amevipaka mafuta ili utomvu usigande.

Pasaka ya mwaka 1994 iliangukia tarehe 3 Aprili, na Mama mdogo alikuwa nyumbani kwa likizo. Alfajiri tulikwenda makaburini na waumini wenzetu wa Moravian. Giza lilikuwa bado, majani yana umande, na matarumbeta yalipolia niliusikia mlio ule mpaka kwenye mbavu. Mama mdogo alinishika mkono. Mikono yake ilinuka sabuni ya kipande ya kufulia, daima, hata sikukuu. Siku ile tulikula wali na kuku. Mchana wake aliwafundisha kina mama wa jirani kutengeneza maji ya kumpa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, ambayo ni chupa mbili za bia, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. "Onja kwanza," aliwaambia. "Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya." Kina mama wakaonja, mmoja baada ya mwingine, kutoka kikombe kimoja cha bati. Nami nikaonja. Mpaka leo nikionja machozi yangu nakumbuka kikombe kile.

Siku chache baadaye redio ikaanza kutaja mauaji ya Rwanda.

Babu alikuwa na redio ya mbao iliyokula betri kama mtoto alavyo karanga, akawa anazianika betri zile juani, jua lilipopatikana, ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sikuelewa mengi. Nakumbuka usiku mmoja mwishoni mwa Aprili msomaji alisema watu zaidi ya 200,000 wamevuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24. Daraja kubwa nililolijua mimi lilikuwa moja tu, Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto Kiwira. Usiku ule nililala nikiwaona watu wale wakivuka kwenye Daraja la Mungu, kwenye mvua, katikati ya miti, na maji yakipita chini yao kwa kelele. Katika ndoto yangu hawakwisha.

Mama mdogo hakulala. Nilimsikia akizungumza na Bibi jikoni. Msalaba Mwekundu ulihitaji wauguzi, na yeye alijua Kirundi, ambacho Mnyarwanda anakielewa. Bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Hao watu wamefiwa. Nani amewapelekea ndizi?"

Kwa asiyejua kwetu, nieleze. Lufingo mtu akifariki, hakuna anayesubiri kuitwa. Kabla jua halijapanda utaona kina mama wanashuka njiani kwa mstari, kila mmoja na mzigo wake kichwani: mkungu wa ndizi, kuni, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, unga kwenye ungo uliofunikwa kanga. Wanaume wanakuja na majembe. Hakuna anayemwuliza mfiwa anahitaji nini, maana mfiwa hajui. Mtu anafika, anaweka mzigo, anakaa chini na kulia kidogo, kisha anainuka kutafuta maji ya kupikia. Mwenye nyumba anaweza kukaa siku tatu bila kugusa chungu. Mimi naamini kazi yote ya misaada, pamoja na malori yake, bendera zake na ripoti zake, ni jaribio la kuifanya shughuli ile ya Lufingo kwa watu laki mbili ambao hawana jirani.

Habari ilienea kwamba Mama mdogo anakwenda Ngara. Kesho yake kina mama wakaanza kushuka njiani, kwa mstari, kama kwenye msiba. Walikuja na ndizi! Mikungu mitatu, minne, mitano ikalazwa barazani, utomvu ukitiririka kwenye saruji. Mmoja alileta viazi, mwingine sweta ya mtoto aliyoifuma mwenyewe kwa uzi wa manjano. Mama mdogo alisimama mlangoni, analia na kucheka. Atabeba vipi mikungu mitano hadi upande wa pili wa nchi? Ikabidi awaeleze, taratibu, kwa Kinyakyusa, kwamba mzigo utaoza kabla ya kufika Tabora. Walielewa. Lakini hawakurudi na mizigo yao. Ndizi zikapikwa palepale, zikaliwa na kila aliyekuwepo, na sala ikasemwa kwa ajili ya waliovuka daraja.

Sweta ilikwenda. Na maharage ya Bibi yalikwenda. Bibi alikuwa na maharage yake ya mbegu, mekundu yenye madoa meupe, aliyoyapata kwa mama yake. Aliyachagua jioni ile kwenye ungo, moja moja, kandili ikiwa karibu na uso wake. Aliyakataa yaliyosinyaa na yaliyotobolewa. Yaliyobaki, kama kilo moja hivi, aliyafunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, akapiga mafundo mawili. "Waambie wayaloweke usiku," alisema. "Yakilowa yanaiva kwa kuni chache." Hakuwahi kuiona kambi ya wakimbizi, lakini alijua kwamba penye watu wengi kuni ndizo huisha kwanza.

Asubuhi ya safari ilikuwa na ukungu. Tulimsindikiza hadi barabarani, mimi nimebeba begi lake dogo lenye zipu iliyokufa. Basi lilipokuja kutoka Tukuyu tuliona taa zake tu kwanza, mbili za manjano, zikielea. Alinibusu utosini. Kisha ukungu ukamfunika, na nikabaki nasikia injini ikipanda kilima.

Barua zake zilikuja chache, zimechelewa, na karatasi zilinuka moshi. Aliandika kwamba mahali pale panaitwa Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Nililipenda jina lile, nikaliandika kwenye daftari la shule. Aliandika kwamba asubuhi ukisimama kilimani unaona moshi wa mafiga elfu na elfu, na chini ya moshi maturubai ya buluu mpaka macho yanachoka. Watu walisema ule ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Watu walipanga foleni ya maji usiku, madumu yamefungwa kwa kamba ili kila moja lishike nafasi ya mwenyewe. Mgao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta, na miti ya vilima vile ilikuwa inakwisha, kina mama wanakwenda mbali zaidi kila wiki kutafuta kuni. Bibi aliposomewa hapo alitikisa kichwa. "Si nilisema."

Julai 1995 alikuja kwa likizo. Julai kwetu ni baridi, pumzi inaonekana, na nyumba nzima inahamia jikoni. Alikuwa amekonda. Bibi alikuwa amenunua samaki wa Kyela, wakubwa, waliokaushwa vizuri, akawapika kwa nyanya na vitunguu kama Mama mdogo alivyopenda tangu utoto. Harufu ilijaa hadi uani. Mama mdogo alichukua mbalaga, akachukua mchuzi wa maharage, samaki hakumgusa. Bibi akamsogezea sahani mara ya pili. Akasema, "Ndaga, mama," yaani asante. "Samaki bado." Bibi aliiondoa sahani bila neno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikala sehemu yake nikashukuru. Miaka ikapita ndipo nikajua mto Kagera ulibeba nini mwaka 1994, kutoka juu, kupita chini ya lile daraja, hadi Ziwa Victoria.

Wazee walikuja kumsalimu, na mmoja akauliza lililokuwa moyoni mwa wengi. Je, si kweli kwamba miongoni mwa wale anaowatibu wamo waliochinja wenzao? Nilimwona akiweka kikombe chini. "Ni kweli, baba. Wamo. Wengine tunawajua, wengine hatuwajui." Akanyamaza. Ukuni ulipasuka motoni. "Lakini anayeletwa kwangu ana miaka miwili, anaharisha, macho yameingia ndani. Huyo hajaua mtu." Mzee akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama lile lilikuwa jibu la kutosha kwa kila kitu, na yeye hakusema linatosha. Lilimtosha kuamka asubuhi.

Katika mfuko wa gauni lake kulikuwa na utepe mwembamba wa plastiki, wenye rangi tatu: kijani, manjano, nyekundu. Jumapili baada ya ibada watoto wadogo walimzunguka, naye akawa anawapima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Unauzungusha utepe, unauvuta taratibu usibane, unasoma rangi kwenye kidirisha. Watoto walidhani ni mchezo. "Mimi kijani!" "Mimi pia!" Kwetu hakuna njaa, tulikuwa tukisema hivyo kila siku, na ardhi yetu nyeusi ilikuwa shahidi. Kisha akafika kwa mtoto mmoja aliyekuwa akilelewa na nyanya yake, wazazi wote wawili wamekufa, mnajua kwa ugonjwa gani, miaka ile. Utepe ukasoma manjano, ukielekea nyekundu. Mama mdogo aliurudia mara mbili. Hakusema lolote mbele za watu. Jioni alinituma nyumbani kwa yule bibi na yai, maziwa na ujumbe kwamba atapita asubuhi kuonyesha namna ya kupika uji wa lishe. Alipita asubuhi ile na kila asubuhi ya likizo yake.

Kambi za Ngara zilifungwa Desemba 1996. Serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha, nao wakarudi kwa miguu, katika mvua, kwa barabara ileile na daraja lilelile. Hilo hakulizungumzia sana. Alisema tu kwamba baada ya siku chache vilima vilikuwa kimya, vimebaki vigingi, majivu, na kandambili moja moja. Wenzake wengine walihamia Kasulu, ambako kambi ya Nyarugusu ilikuwa imefunguliwa mwaka uleule kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Yeye alichoka. Februari 1997 alishuka kwenye basi barabarani kwetu, zipu ya begi bado imekufa, na mkononi kashika kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge.

Kikapu kile kilifumwa kwa nyuzi nyembamba sana, nyeupe na nyeusi, hata ukikitia maji ungedhani hayatavuja. Alikiweka mapajani mwa Bibi. Bibi akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na maharage. Mekundu, yenye madoa meupe.

Hapo ndipo alipotueleza. Lile fundo la kanga alikuwa amempa mama mmoja aliyemuuguzia mtoto, kabla hata mwaka 1994 haujaisha. Yule mama hakuyapika. Alipanda kamstari nyuma ya kibanda chake cha turubai, mahali padogo kama mkeka, akawa anamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Alivuna, akala machache, akapanda tena. Msimu baada ya msimu, kwenye udongo mwekundu wa Ngara. Siku ya kuondoka alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na fungu la maharage kiunoni, akagawa nusu. "Mpe mama yako," alisema. "Mwambie nililoweka."

Bibi aliinama juu ya kikapu muda mrefu. Alichukua punje moja akaiuma kwa meno ya mbele, kama alivyofanya siku zote kujua kama mbegu imekauka sawasawa. Akasema, "Ndaga fijo," lakini hakuwa anamtazama yeyote kati yetu.

Mama mdogo alibaki. Alifanya kazi katika zahanati za Rungwe mpaka alipostaafu, na katika miaka ile mibaya ya UKIMWI, kabla dawa hazijafika vijijini, nilimwona akipanda na kushuka vilima vya Lufingo na begi la glavu, sabuni na chumvi, kwenda kwa wagonjwa waliofichwa vyumba vya ndani. Nilimbebea begi mara nyingi. Kwenye kila nyumba alianza kwa swali moja, akiwa bado anafuta matope ya viatu mlangoni: "Mmekula?" Kisha ndipo alipouliza dawa na homa. Na mara nyingi jibu lilipokuwa hapana, aliingia jikoni mwenyewe, akapuliza moto. Nimewahi kukutana na watu wa misaada wenye elimu kubwa na moyo mwema, na nimewapima wote kwa swali lile.

Bibi tulimzika siku ya mvua. Kina mama walishuka njiani kwa mstari, mizigo kichwani, na kwa siku tatu hatukugusa chungu.

Mama mdogo yupo, anakaa katika nyumba ileile, na miguu ikimruhusu anakwenda shambani. Samaki anakula sasa. Kikapu kipo juu ya kabati, nyuzi nyeupe zimekuwa za rangi ya chai. Na maharage yale tunayapanda kila mwaka kati ya migomba. Mwaka huu tumevuna madebe mawili. Anayetaka mbegu aje Lufingo, tutampa.